Toka Moba hata Kasapa

Mtu wa Moba atakaye kwenda Lubumbashi ana njia tatu za kuchagua, na hakuna hata moja iliyo fupi. Ya kwanza ni ndege, nayo ni ya wenye fedha. Ya pili ni lori: hupanda milima ya Marungu, hushuka mpaka Pweto kwenye ziwa Mweru, kisha hufuata barabara ya vumbi kuelekea kusini, wakati wa mvua abiria husukuma lori kwa muda mrefu kuliko lori linavyowachukua wao. Ya tatu ni ya maji na chuma: mashua mpaka Kalemie, kisha gari la moshi. Hii ndiyo tuliyoishika mwezi wa Agosti mwaka 2015, watu kumi na mmoja wa ukoo mmoja, na vikapu vitano vya samaki wakavu, tukienda kumpokea ndugu yetu aliyemaliza masomo ya uganga katika Chuo Kikuu cha Lubumbashi.

Yeye ni wa tano kati ya watoto saba wa mama yetu. Aliondoka nyumbani mwaka 2008, na mizigo yake ilikuwa katika sanduku la mbao alilotengenezewa na baba, seremala wa misioni. Miaka saba ya kujifunza uganga ni mirefu kwa mwanafunzi. Kwa wanaomlipia ni mirefu zaidi. Baba hakuuona mwisho wake, maana alifariki mwaka 2013. Lakini alituachia daftari.

Katika daftari hilo aliandika kila mtu aliyetoa kitu kwa ajili ya masomo ya binti yake: jina, tarehe, na kitu chenyewe. Hapa faranga elfu tano, pale kikapu cha ndakala, pale mbuzi dume mmoja, pale madebe mawili ya unga wa mihogo, pale «nauli toka Kabalo». Juu ya jalada aliandika neno moja tu, MASOMO. Hakuandika «deni», wala hakuandika «zawadi». Alikuwa mtu wa maneno machache, naye labda aliona kwamba jambo lenyewe liko wazi. Halikuwa wazi hata kidogo, kama mtakavyoona.

Yafaa niwaeleze wasomaji wasio wa pande zetu kwamba kwetu Watabwa mtoto huhesabiwa katika ukoo wa mama yake. Baba hulea, hulisha, hupiga randa mpaka mgongo unapinda, lakini siku ya jambo kubwa mjomba ndiye anayesimama mbele. Sasa binti yetu alipofika Lubumbashi alikaa mtaa wa Katuba, nyumbani kwa baba mdogo, yaani mdogo wake marehemu baba, akala mezani pake miaka saba bila kuambiwa hata siku moja kwamba sahani zimekuwa nyingi. Nani basi atampokea siku ya kuvaa toga? Mjomba mwenye ukoo, au baba mdogo mwenye sahani? Anayedhani kwamba maneno haya ni madogo hajapata kuona pande mbili za jamaa zikinuniana kwenye karamu.

Tena palikuwa na neno la pili, zito kuliko la kwanza. Binti alikuwa ametuma habari kwa simu kwamba, akipata ruhusa ya kufanya kazi, nia yake ni kurudi kwetu ziwani, atibu watu wa Moba na wa milimani. Mama alifurahi. Wengine walikaa kimya. Jirani mmoja alisema waziwazi yale ambayo wengi waliyafikiri: «Mtu hapandi mwembe miaka saba ili embe lidondoke chini ya mwembe ule ule.»

Tuliondoka Moba jioni, maana upepo wa kusini wa kiangazi hupungua usiku. Mashua za mbao zenye mota hupita karibu na pwani, na nahodha aliye mwerevu haupotezi mlima machoni. Baada ya saa kadhaa tuliona taa chache za Mpala. Mahali hapo ni padogo leo, lakini historia yake si ndogo: kapteni Émile Storms alijenga boma lake pale mwaka 1883, na mwaka 1885 likakabidhiwa kwa mapadri wa Kardinali Lavigerie. Ng'ambo ya ziwa, upande wa mashariki, iko Karema. Huko ndiko alikofika Adrien Atiman mwaka 1889, mtu wa nchi za Timbuktu, aliyetekwa utotoni na wafanya biashara ya watumwa, akakombolewa, akasomeshwa uganga katika kisiwa cha Malta. Alitibu watu wa Karema mpaka alipofariki mwaka 1956. Mjomba, aliyekuwa amejifunika blanketi karibu na mota, alisema kwamba nkambo wake aliwahi kuvuka ziwa kwa kasia ili apelekwe kwa daktari yule. «Siku mbili majini,» akasema, «na ugonjwa ulikuwa jino.» Watu walicheka, mama akaulizia kama jino liling'olewa. Liling'olewa.

Sisi watu wa Kirungu si wageni wa sherehe za wasomi. Tarehe 21 Julai 1917, pale pale Kirungu, palipokuwa pakiitwa Baudouinville, Stefano Kaoze alipewa upadri, akawa padri wa kwanza mwenyeji katika nchi yote ya Kongo. Siku zile hapakuwa na toga wala karatasi yenye muhuri wa chuo kikuu, lakini ndugu walikusanyika, na bila shaka kati yao walikuwapo waliojiuliza kama mtoto waliyemtoa atarudi kwao, au amekwisha kuwa wa watu wote.

Asubuhi tulifika Kalemie. Hapo ziwa Tanganyika lina mlango wake mmoja tu wa kutokea, mto Lukuga, ambao Mwingereza Cameron aliuona mwaka 1874. Wajenzi wa reli waliufuata mto huo kwa kurudi nyuma: walianza Kabalo, kwenye Lualaba, wakafika ziwani mwaka 1915, kilometa 273. Kwa muda wa miaka arobaini reli hiyo ilikuwa kama mtoto asiye na ndugu, maana upana wake haukulingana na reli ya Katanga, wala haikuunganishwa nayo. Ilipanuliwa mwaka 1955, na mwaka 1956 ikaungana na Kamina. Mwaka huo huo wa 1956 chuo kikuu kilifungua milango yake kule Élisabethville, ambayo sasa ni Lubumbashi. Sijui kama wakubwa wa siku zile waliyafikiri mambo haya mawili pamoja. Ila mimi naona kwamba bila reli ile, chuo kile kingekuwa mbali na watoto wa ziwani kama vile Ulaya.

Kalemie tulikaa siku tatu tukilingojea gari. Wanawake walitumia siku hizo kutafuta vitenge vya sare. Zamani wangekwenda tu kununua nguo za Filtisaf, kiwanda cha pale pale mjini, kilichowavika akina mama wa nchi nzima. Siku hizi kiwanda kimekufa, na vitenge hutoka mbali. Walichagua cha kijani chenye maua meupe, wakanunua vipande vya watu wote, hata vya jamaa wa Lubumbashi, bila kuuliza upande wa pili wamenunua nini. Nalitaja jambo hilo kwa sababu litarudi.

Ndani ya gari la moshi mtu hujifunza saburi kuliko katika nyumba ya malezi, nami nasema kama mtu aliyepita kote kuwili. Mama, ambaye hakuwa amepanda gari hilo tangu ujana wake, alikaa dirishani siku ya kwanza yote, akihesabu madaraja kwa vidole. Kila kituo ni soko. Nyunzu wanauza mihogo na asali. Kabalo wanauza samaki wa mtoni, ambao mama aliwatazama kwa dharau ya mtu wa ziwa. Kwenye kituo kinachoitwa Kitenge wanawake wetu walicheka sana, wakauliza kama hapo vinatolewa bure. Baada ya Kabalo gari huvuka Lualaba, kisha hukata pori kubwa kuelekea Kabongo na Kamina, na siku ya tatu mtu hajui tena kama anasafiri au amehamia.

Mwezi mmoja tu kabla ya safari yetu, yaani Julai 2015, jimbo la Katanga lilikuwa limegawanywa kuwa majimbo manne. Basi tulipanda katika jimbo la Tanganyika, tukalala katika Lomami ya Juu, tukaamka katika Lualaba, tukashuka katika Katanga ya Juu, na tiketi ni ile ile. Mjomba aliuliza kila mara: «Na hapa ni nchi ya nani?» Mwisho watoto walikuwa wakimjibu kwa pamoja.

Kaka yetu mkubwa, tunayemwita Yaya, hakusema mengi njiani. Yeye ni mvuvi. Alifika darasa la nne la sekondari, naye alikuwa na akili ya hesabu kuliko sisi sote. Lakini mwaka ule fedha zilitosha watoto wawili, nasi tulikuwa watatu wa kusoma. Baba hakumwambia aache. Siku moja ya muhula mpya tuliona tu kwamba hakuvaa shati jeupe, amechukua nyavu. Mimi nilikwenda seminari ndogo, kisha nikasoma ualimu, na yeye akavua usiku. Kwenye daftari la baba jina lake linatokea zaidi ya jina la mtu mwingine yeyote.

Kule Bukama tuliuvuka tena mto ule ule wa Lualaba, kisha gari likaanza kupanda uwanda wa juu wa Biano. Usiku wa Agosti huko juu ni wa baridi kali. Tuliwafunika watoto kwa vitenge vipya, na harufu ya rangi ya nguo ikachanganyika na ile ya samaki. Asubuhi tuliona Tenke, kisha Fungurume, kisha milima ya Likasi iliyochimbwa mpaka imebadilika umbo. Siku ya sita jioni lilitokea bomba refu la kiwanda, na kando yake kile kilima cheusi kisicho kilima, kwa maana ni takataka za shaba iliyoyeyushwa tangu mwaka 1911. Lubumbashi ilizaliwa na reli mwaka 1910 na kunyonyeshwa na shaba, na hata leo mtu hahitaji kuuliza nani mama yake.

Mgeni asishangae akiambiwa katika mji huo kwamba fulani anakaa Kenya. Kenya hiyo si nchi ya Nairobi: ni mtaa mkubwa wenye soko, jirani na Katuba. Katuba ndiko tulikoshukia, watu kumi na mmoja katika nyumba ya vyumba vitatu. Baba mdogo alitupokea kwa machozi, akatuonyesha mikeka, halafu mkewe akatoa kwa furaha sare aliyotushonea sisi sote kwa fedha zake: kitenge cha buluu chenye ndege.

Vikimya viwili vikakutana sebuleni. Kijani juu ya meza, buluu juu ya kiti. Mama mdogo akasema taratibu kwamba mafundi wamekwisha kulipwa. Shangazi akasema kwamba na cha Kalemie kimekwisha kulipwa. Mjomba akakohoa. Mambo ya mjomba na baba mdogo, yaliyokuwa yamelala toka Moba, yaliamka yote kwa siku ile moja, yamevaa nguo. Ni binti mwenyewe aliyeingia, akitoka hospitali kwenye zamu yake ya mwisho ya staji, akasalimia kwa kupiga magoti mbele ya kila mmoja, akaona vitambaa, akaelewa. Hakusema neno. Alichukua kipande cha kila rangi, akatoka kwenda kwa fundi wa jirani. Cherehani ililia mpaka usiku wa manane. Asubuhi yake alivaa blauzi ya buluu na sketi ya kijani, na hakuna aliyethubutu kusema kwamba vinapatana au havipatani.

Chuo kikuu kiko njia ya Kasapa, nje kidogo ya kelele za mji. Kimebadilishwa jina mara nyingi. Kilianza kama chuo rasmi cha Wabelgiji, kikawa cha serikali baada ya uhuru. Mwaka 1971 kikaunganishwa na vyuo vingine vya nchi chini ya jina moja, na mwaka 1981 kikapata jina lake la leo. Kina pia kumbukumbu chungu. Usiku wa tarehe 11 kuamkia 12 Mei 1990 wanafunzi walivamiwa vyumbani mwao, na kwa wazazi wa kizazi cha baba jina la chuo hicho lilibaki na giza kwa miaka mingi. Binti alipoomba kwenda huko mwaka 2008, baba alikaa siku mbili bila kujibu. Siku ya tatu alikwenda kuchagua mbao za sanduku.

Ili mtu aelewe kwa nini mama wa Kongo hulia kwa sauti siku ya toga, yampasa akumbuke tulikotoka. Mwezi wa Juni 1960, nchi yetu ilipopata uhuru, wenye digrii ya chuo kikuu hawakufika hata thelathini, ukiwaacha mapadri, na kati yao hapakuwa na mwanamke hata mmoja. Wa kwanza alikuwa Sophie Kanza, aliyepata digrii yake Geneva mwaka 1964. Miaka miwili baadaye akawa waziri, mwanamke wa kwanza katika serikali ya Kongo. Nkambo wetu mwanamke alikuwa tayari ana watoto wanne mwaka huo, na hakujua kuandika jina lake.

Uwanja wa Kasapa siku ile ulikuwa kama soko la rangi. Kila ukoo una sare yake, ngoma yake au tarumbeta yake ya kukodi, na makopo ya poda nyeupe. Ndani ya ukumbi mambo yalikwenda kwa taratibu: wakuu wa chuo na kanzu zao, majina kusomwa, waganga wapya kusimama pamoja na kuinua mkono kwa kiapo chao. Jamaa waliambiwa wasipige vigelegele kabla ya majina kwisha. Waliambiwa bure. Jina la ndugu yetu liliposomwa, sauti ya mama ilitangulia mbele ya sauti zote, nami mwalimu, ambaye kila siku nawaambia watoto wanyamaze, nilipiga ukelele.

Nje ndiko sherehe yenyewe ilikokuwa. Poda ilimwagwa kichwani pake mpaka nywele zikawa za bibi kizee. Wanawake walitandika vitenge chini ili apite juu yake, toka mlango wa ukumbi hata kwenye bisi. Hapo swali letu la zamani likaja: nani anamshika mkono? Mjomba alitoka mbele upande wa kuume, baba mdogo upande wa kushoto, wote wawili kwa haraka isiyo ya wazee. Alimpa kila mmoja mkono. Baada ya hatua chache nilimwona akitazama huku na huku, nikajua anamtafuta nani. Yaya alikuwa nyuma kabisa, kwenye bisi, akilinda vikapu.

Karamu ya Katuba ilikuwa na mabishano yake ya kawaida. Watu wa Lubumbashi hula bukari ya mahindi meupe, nao huona bukari ya mihogo kama chakula cha safarini. Watu wetu huona kinyume. Vikapiwa vyungu viwili. Samaki wa ziwani, mikebuka na ndakala waliokaushwa, walipikwa kwa mafuta ya mawese, na hapo ubishi ulikwisha, kwa sababu midomo ilikuwa na kazi. Vijana walitaka soda, wazee walitaka munkoyo, na mama aliwachukulia wote sombe.

Baada ya kula baba mdogo alisimama. Alizungumza vizuri. Alisema kwamba amepata kuongea na mtu wa hospitali moja ya wachimba madini, kwamba mshahara huko ni wa dola, una nyumba juu yake, na kwamba ukoo wenye watoto wengi wa kusomesha hauna haki ya kuuacha mshahara kama ule upite. Alinyoosha mkono kuelekea daftari lililokuwa mapajani pa mjomba. «Majina yote mle yanangoja,» akasema. «Waliotoa mbuzi wana watoto.»

Niseme ukweli: maneno yake hayakuwa ya choyo. Ni yeye aliyebeba mzigo wa miaka saba. Wengi hupenda kumwimbia daktari anayerudi kijijini, ila wao wenyewe hawana mtoto wa kulipiwa minervale mwezi wa Septemba.

Mjomba akafungua daftari, akaanza kusoma. Alisoma lote. Ilichukua karibu saa nzima, na watoto walilala. Kila jina lilileta mtu mbele yetu: mjane aliyetoa kuku mwaka 2009, kwaya ya parokia iliyochanga faranga elfu kumi na mbili, fundi wa baiskeli aliyeandikwa «hakuwa na kitu, alibeba sanduku mpaka bandarini». Wanane kati ya waliosomwa walikuwa wamekufa. Jina la Yaya lilipotokea mara ya kumi, mjomba aliacha kulisoma, akawa anasema tu «yeye tena». Mwishoni mwandiko ulibadilika, kwa kuwa tangu mwaka 2013 alikuwa akiandika mjomba mwenyewe, kwa herufi kubwa zilizopinda.

Ndipo binti alipoomba kusema. Alipiga magoti kwanza mbele ya baba mdogo. «Baba, sitasema kwamba hukunilisha,» akaanza. Kisha akaeleza jambo ambalo hata mimi sikulijua. Wakati wa likizo ya mwaka uliotangulia alikuwa amefanya staji kwetu. Mwanamke mmoja mwenye uchungu wa kuzaa aliletwa kutoka Marungu kwa machela, siku mbili za njia, na waliombeba walikuwa wanne. Mmoja wao alikuwa mwana wa yule mjane wa kuku. Mtoto aliokoka, mama hakuokoka. «Mjane yule jina lake ni la pili katika ukurasa wa tano,» akasema. «Mimi sijui nitamlipa faranga ngapi.»

Hakuna aliyejibu upesi. Baba mdogo alitazama chini, akasema kwamba hata hivyo watoto watasoma kwa nini. Swali lake lilikuwa la haki, na machozi hayakulifuta.

Aliyelijibu ni Yaya, ambaye hakuwa amefungua kinywa toka Kasapa. Alizungumza kama anayehesabu samaki. Mdogo wetu wa mwisho alikuwa amefaulu mtihani wa serikali mwaka ule ule, kwa alama 58 katika mia, naye anataka kusomea kilimo. Karatasi za daktari za kumruhusu kufanya kazi hazitatoka kesho. Atangoje Lubumbashi, na akingoja afanye kazi yoyote ya uganga atakayoipata, akae Katuba, asaidie nyumba iliyomsaidia. Mwaka mmoja, isizidi miwili. Baada ya hapo arudi ziwani, na mshahara wa ziwani, uwe mdogo kiasi gani, uandikwe kwenye daftari kama alivyoandikwa kila mtu. «Mimi bado navua,» akamaliza. «Baba mdogo, wewe bado una nyumba. Mwalimu naye ana mshahara, hata kama unachelewa.» Watu wakanitazama, nikainamisha kichwa kukubali.

Baba mdogo alifikiri kitambo. Akauliza: «Mwaka mmoja?» Yaya akasema: «Isizidi miwili.» Mjomba akageuza ukurasa, akakuta mweupe, akaandika juu jina la mdogo wetu, akampa daktari kalamu. Naye akaandika mstari wa kwanza: jina lake, tarehe, na mahali pa kitu akaandika «sanduku la mbao, 1». Baba mdogo akaandika wa pili: «kitanda». Vijana waliotaka soda walikuwa wamekwisha kufungulia muziki, hata mistari mingine sikuweza kuisikia ikisemwa.

Tulikaa Lubumbashi siku nne zaidi, tukingoja gari la kurudi. Vikapu vya samaki vilirudi na unga wa mahindi, sabuni na vyombo vya bati. Mama alisema kwamba bukari ya mahindi si mbaya sana kama ikipikwa na mtu wa ziwa. Kwenye kituo mama mdogo alimpa shangazi kitenge cha buluu kilichobaki, na shangazi akamwachia cha kijani. Mjomba alipanda wa kwanza, akatafuta kiti cha dirishani, akaweka daftari ndani ya shati, na gari lilipotikisika akauliza tena nchi hii ni ya nani.